Chagua Ukuta, Kisha Ngoja

Mtu akishuka Mombasa na kamera mkononi kwa mara ya kwanza, macho humtoka pima. Tuktuk zinapishana na mikokoteni, mabuibui yanapepea, milango ya nakshi imejipanga, muuza madafu ana panga lake, na juu ya yote kuna mwanga mkali ambao watu wa bara hawajauzoea. Basi hupiga picha huku akitembea, kulia na kushoto, mpaka shati limlowe. Usiku akikaa kuzitazama anakuta migongo, bodaboda zilizokatwa nusu, na nyuso mbili tatu zilizokunja ndita. Ushauri wangu kwake ni mfupi, na makala hii yote ni kuueleza tu: apunguze kutembea. Atafute pahali pamoja penye ukuta mzuri na mwanga mzuri, aketi hapo, awaache watu waje wenyewe.

Mji huu una sababu zake za kutopenda picha za kupita njia. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa pwani walikuwa wameshapigwa picha wakauzwa kwenye kadi za posta. Wapiga picha wenye asili ya Goa, kama akina Gomes na ndugu Coutinho, walikuwa na studio zao Zanzibar na pwani hii, na kadi za aina hiyo zilifika hadi Ulaya zikiwa na wanawake, wachukuzi na watoto wasiotajwa majina. Chini yao iliandikwa kabila au kazi, basi. Mzee anayekunja uso leo ukimwelekezea lenzi si lazima awe anazijua habari za kadi hizo, lakini anaijua vyema hali ya kuchukuliwa na mtu ambaye hakumuuliza hata jina.

Halafu ikaja picha ya namna nyingine. Studio ya N. V. Parekh ya Mombasa ilipiga maharusi, familia na vijana waliopendeza, miaka ya 1960 na 1970, na picha zake sasa zinatundikwa kwenye maonyesho ya nchi za nje. Katika miaka ya 1990, penye kivuko cha Likoni, wapiga picha walijenga vibanda wakavipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ile, akapigwa, na picha ikatumwa nyumbani. Humo mwenye mamlaka alikuwa yule aliyesimama mbele ya kamera. Alichagua pazia, alichagua nguo, akalipa, akaondoka na sura aliyoitaka.

Mgeni wa leo hawezi kufungua studio barabarani, ila anaweza kuazima utaratibu wake. Ukuta ndio pazia. Ukikaa karibu nao na kamera yako iko wazi mapajani, kila anayekuja ameshakuona kabla hajafika, na ana nafasi ya kuamua: apite, azunguke, ajitande vizuri mtandio wake, au akupungie mkono. Anayemvizia mtu kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara humnyima nafasi hiyo, na kwa maoni yangu picha zake nyingi huonyesha hivyo: watu wanaonekana wametekwa.

Sasa, ukuta upi? Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Wapo walionung'unika, na kuna nyumba za kale ambazo ningependa zingeachiwa rangi zao za zamani. Lakini kwa mpiga picha agizo lile lilileta neema yake. Ukuta mweupe uliopigwa na jua huurudisha mwanga ng'ambo ya pili ya njia, na katika vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu, ambako nyumba zimekaribiana, mtu aliye kivulini anaangazwa taratibu kutoka ubavuni. Hakuna taa ya studio inayoshinda huo mwanga. Kwa hiyo unapotafuta pa kukaa usiutazame ukuta unaong'aa peke yake. Geuka, utazame kilicho mkabala wake.

Ukuta mweupe una hila yake pia, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kamera haijui rangi wala haijui ngozi. Inapima mwanga tu, na inachukulia kwamba ukichanganya kila kilicho mbele yake utapata kijivu. Iwekee ukuta mweupe mkubwa, itauona umezidi, itapunguza mwanga mpaka ukuta uwe kijivu, na mtu mweusi aliye mbele yake awe kivuli kisicho na macho. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi. Kwenye kamera kuna kitufe au gurudumu lenye alama ya kujumlisha na kutoa: peleka kwenye +0.7 au +1 na utazame tena uso. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ujifunge, kisha sogeza kijua kidogo juu. Ikiwa ni dada aliyevaa buibui jeusi na amejaa kwenye fremu, mambo hugeuka: kamera itaona giza, itaongeza mwanga, na buibui litatoka kijivu cha majivu na uso umefubaa. Hapo punguza. Na kwa mzee wa kanzu nyeupe aliyesimama juani, linda kanzu kwanza, kwa sababu weupe ukishaungua haurudi, ila kivuli unaweza kukifungua baadaye nyumbani.

Katikati ya picha hizo tatu kuna jambo moja: usiiamini mashine kuhusu ngozi zetu. Filamu za zamani zilisawazishwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na miaka mingi ilipita kabla watengenezaji hawajajali kwamba watu weusi nao wanapigwa picha. Simu za sasa zina afadhali, ingawa nyingi bado zina tabia ya kulainisha na kupausha uso bila kuulizwa. Ingia kwenye mipangilio uzime kila kinachoitwa urembo.

Habari ya saa ndiyo wageni huipuuza zaidi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na kufikia saa tatu asubuhi limeshakuwa kali. Mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, na adhuhuri kila mtu ana mashimo meusi machoni na pua inayotupa kivuli mdomoni. Jua la ikweta pia huzama wima, halina mazungumzo marefu na upeo wa macho. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa vitabuni kwetu hauchukui muda, na giza linaingia ukiwa bado unatafuta kifuniko cha lenzi. Basi saa zako ni kutoka alfajiri hadi saa tatu, kisha kutoka saa kumi hadi magharibi. Katikati hapo kula, lala, au fanya kazi ya ndani ya vivuli ambayo nitaigusa.

Asubuhi, jua la Mji wa Kale hutoka upande wa maji. Ndia Kuu inaanzia karibu na Ngome ya Yesu kuelekea kaskazini, kwa hiyo jua la mapema halifiki chini njiani. Linagonga ghorofa za juu za upande wa magharibi, kwenye roshani za mbao, na kushuka polepole. Huo ndio wakati wa kutazama juu. Dirisha linafunguliwa, mkono unatoka na kitambaa, paka anahama. Jioni ni kinyume chake. Alasiri, penye vichochoro vinavyokatiza kutoka magharibi kwenda mashariki, jua huingia kwa pembe na kuchora mstari mkali chini: upande huu mwanga, upande ule kiza. Keti ukiuona mstari huo ubavuni kwako, pima mwanga wa upande unaong'aa, na umngoje mtu akanyage palipo na mwanga. Nyuma yake kutakuwa giza tupu, na yeye atatokeza peke yake. Ni mbinu nyepesi kuliko zote ninazozijua, na inafanya kazi kwa simu ya bei rahisi.

Kungoja huko kuna adabu yake. Siku moja alasiri nilikaa kwenye baraza karibu na muuza kahawa, mzee mwenye dele la shaba na ndoo ya vikombe. Nikamwamkia, nikaagiza kahawa na kashata, kamera nikaiweka mapajani. Wateja wakaja wakaenda. Baada ya muda akanigeukia.

"Mbona hupigi? Imeharibika?"

"La, mzee. Nangoja jua lishuke kidogo pale ukutani."

"Jua!" Akacheka, akavigonga vikombe vyake viwili kwa mkono mmoja. "Wenzio huja hapa mbio mbio. Basi ngoja. Wakitoka kusali alasiri atapita mzee mmoja na bakora yake. Huyo ndiye wa picha."

Akapita kweli. Alipofika penye kona akaniona, akapunguza mwendo. Muuza kahawa akamwita kwa sauti: "Shehe, huyu mgeni wetu anakungoja wewe tangu saa tisa!" Mzee akasimama. Akaiweka sawa kofia yake ya vito, akaikung'uta kanzu, akaikamata bakora katikati badala ya juu, kisha akaukata ule mwanga kama mtu aingiaye harusini. Nilipiga picha chache tu. Akaja, akataka kuziona, akasema uso umetoka lakini bakora imekatwa ncha, turudie. Tukarudia. Ile ya pili ni bora, na ni yeye aliyeiona kasoro.

Sisemi kila picha ya mtaani iwe ya kupangwa. Sehemu kubwa ya uzuri wake ni ile bahati ya mtu asiyefikiria kamera. Ninachosema ni kwamba bahati hiyo humjia zaidi aliyekwisha kukubalika penye baraza. Baada ya nusu saa watu husahau kwamba upo, hurudi kwenye bao, kwenye mabishano ya mpira, kwenye kupigania bei ya samaki, nawe unapiga hali ilivyo bila kumwibia mtu. Wala usianze kwa kamera. Anza kwa salamu, na uijue ya kila mtu: sabalkheri asubuhi, masalkheri jioni, assalaam alaykum penye wazee waliotoka msikitini, shikamoo kwa aliyekuzidi umri, na mambo yao yale ya vijana kwa vijana. Salamu ikipokelewa vizuri, inua kamera kidogo na nyusi pamoja nayo, huhitaji hotuba. Akitikisa kichwa, teremsha kamera mpaka kiunoni ili aone umeiteremsha, sema ahsante, uendelee kunywa kahawa yako. Ukimwahidi kumtumia picha, mtumie. Na pesa? Kwa mtu aliye kazini, nunua anachouza: dafu, viazi karai, mabuyu. Kumlipa mtu ili akupe uso ni kumgeuza kibarua, na anayekuja baada yako atadaiwa.

Kwa wanawake uwe mwangalifu zaidi, hasa kama wewe ni mwanamume. Muulize yeye mwenyewe, na usimuulize mume wala kaka aliyesimama karibu ukamruka; akikataa usitafute njia ya pili. Ndani ya msikiti usielekeze lenzi hata kama mlango uko wazi. Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa miongoni mwa misikiti ya kale zaidi mjini, una mnara mweupe unaotosha peke yake kwa picha ya nje. Ijumaa mchana, watu wanapotoka kusali kwa wingi, njia nzima huwa nyeupe kwa kanzu. Kaa kando, upande wa kivuli, usiwazibie njia.

Watoto watakukimbilia wenyewe wakitaka kupigwa. Wapige, wacheke, waonyeshe, lakini kuzisambaza picha hizo ni jambo jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule si mpiga picha wa mtaani, najua, ila mwelekeo umeuona. Mahakama za nchi hiyo pia zimewahi kuwapa fidia watu ambao picha zao zilitumika kwenye matangazo bila ruhusa. Kwa hiyo ukitaka kuuza picha kwa kampuni iitie kwenye tangazo, pata ruhusa iliyoandikwa, na ya mtoto iwe ya mzazi. Tanzania nayo ina sheria yake ya taarifa binafsi tangu 2022, usidhani ukivuka mpaka wa Horohoro umepona. Na kuna watu ambao sheria hata ingenyamaza ningewaacha: mateja waliolala vibarazani, wagonjwa wa akili, mwombaji aliyeinamisha kichwa. Picha zao ni rahisi kupata, na ndiyo maana zimejaa kila mahali.

Nilizitaja picha za migongo mwanzoni kana kwamba ni balaa. Si kila mgongo. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye jina lake haliepukiki katika habari hizi, alieleza kwamba kilichomsukuma kwenda barabarani na kamera ni picha moja ya Martin Munkácsi ya mwanzo wa miaka ya 1930: vijana watatu Waafrika wakikimbilia mawimbi. Picha hiyo inajulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Itazame siku ukipata nafasi. Hakuna uso hata mmoja. Ni migongo, mikono iliyotupwa hewani, na povu, na furaha yote iko humo. Majina ya vijana wale hayakuandikwa, kasoro ile ile ya kadi za posta. Lakini kwa anayejifunza kupiga picha katika mji wenye stara kama Mombasa, ile ni shule kamili: mwili una maneno mengi hata uso ukigeukia kwingine.

Mahali pazuri pa kujaribu hilo ni Biashara Street, na saa nzuri ni ile ile ya mchana niliyokwambia ulale, maana kazi iko barazani kivulini. Huko ndiko kunakouzwa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye alama ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Leso hutoka kiwandani zikiwa zimeungana mbili mbili, na mnunuzi hukatiwa na kupindiwa hapo hapo na mafundi wa cherehani. Omba ruhusa kwa fundi, keti kwenye kigoda upande wa sindano. Kitambaa kinavutwa kwa mkono wa kushoto, pindo linakunjwa kwa kidole gumba, na lile jina la leso linapita chini ya sindano herufi moja moja. Weka kasi ya shata kwenye 1/30, uegemeze viwiko magotini: cherehani itatulia, kitambaa na vidole vitaonekana vinakwenda. Uso wa fundi usiuingize kabisa. Rudi nyuma hatua moja, upate mguu unaokanyaga na kipande cha mwanga uliomwagika kibarazani, na una picha tatu kutoka kigoda kimoja.

Hapo hapo pana tahadhari ambayo vitabu vya wageni haviitaji, kwa kuwa wao hawasomi yaliyoandikwa. Msomaji wetu akiona maandishi kwenye picha atayasoma kabla hajaangalia chochote. Jina la leso, maneno ya nyuma ya tuktuk, tangazo la mganga ukutani, bango la kampeni lililochakaa, yote huteka picha. Mama aliyevaa leso yenye fumbo zito, akipita karibu na mwanamume asiyehusika, ataanzisha hadithi ambayo haikuwepo. Ukiyaingiza maneno, yaingize mazima na kwa makusudi. Ukiona hayana kazi, ngoja tuktuk iondoke. Nusu ya jina la leso ni mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu msomaji atatumia muda wake wote kukisia nusu iliyobaki.

Kutoka Biashara Street hadi soko la Marikiti ni hatua chache. Ndani ni giza na nje ni moto. Simama ndani ukiuelekea mlango, penye magunia ya bizari na iliki, na wauzaji wataangazwa upande mmoja wa uso. Epuka kuzuia njia ya mahamali, maana mwenye mkokoteni uliojaa hana breki. Sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizowekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza, kila mtu amezipiga. Mimi nazipita. Ukilazimika, zitumie kama fremu: piga kutoka kando ya barabara huku matatu ikipita chini yake, na usisimame katikati ya njia kwa ajili ya picha ambayo duka la kadi linayo. Ngome ya Yesu vivyo hivyo. Ngome hiyo iliyojengwa kuanzia 1593 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2011 inastahili kuzuriwa, lakini nje yake, penye kivuli cha ukuta ule wa matumbawe, kuna wauzaji na waliopumzika, na hao hubadilika kila saa.

Pako pia mahali ambapo kamera inarudi mkobani. Kivuko cha Likoni kwanza: picha haziruhusiwi, hata za simu, na askari wapo. Bandari ya Kilindini, Bandari ya Kale, vituo vya polisi, kambi, benki, na Ikulu iliyo upande wa kusini wa kisiwa, usijaribu. Pale ambapo hakuna bango lakini moyo unasita, muulize mlinzi kabla. Askari akikusimamisha, msalimie, mwonyeshe picha, akitaka uifute ifute mbele yake, muage. Usianze kumsomea ibara za katiba penye jua la saa sita.

Vyombo havihitaji maneno mengi. Lenzi moja isiyovuta, ya milimita 28 au 35, au simu uliyonayo, inatosha kabisa. Ukitaka mtu awe mkubwa zaidi, songa hatua mbili. Mchana weka tundu la lenzi kwenye f/8 na kasi isipungue 1/250 kwa watu wanaotembea. Kamera kubwa yenye mkanda uliochapwa jina la kampuni inaita bei za watalii. Adui wa kweli ni unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi itatokwa jasho papo hapo na itabaki na ukungu dakika nyingi, kwa hiyo iache mkobani ikiwa imefungwa nusu saa ipate joto la nje, au lala na kamera karibu na dirisha lililo wazi. Jioni ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa chumvi. Mvua za masika, Aprili na Mei, huleta madimbwi yenye kuakisi kuta nyeupe. Mimi nayapenda, wewe chukua mfuko wa nailoni.

Magharibi inapokaribia, Mama Ngina ndiko kwa kwenda. Ufuo ule ulitengenezwa upya mwaka 2019, na familia hujaa kula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili na kuzitazama meli za mizigo zinazoingia karibu mno na nchi kavu. Watu wamekuja kupumzika, nao wanapigana picha wenyewe kwa wenyewe, basi kamera yako haimshtui mtu. Jua linazama upande wa kivuko. Waweke watu kati yako na anga, punguza mwanga mpaka rangi ijae, na ungoje mpaka vichwa viachane. Vivuli viwili vilivyogusana husomeka kama mtu mmoja mnene. Mibuyu ya huko nayo ni mapazia tosha kwa atakayefika mapema.

Picha zikishapatikana, ziache kwanza. Siku ile ile unaipenda picha kwa sababu ya jasho lililokugharimu, na hilo jasho msomaji halioni. Ukizitazama baada ya wiki utaondoa nyingi bila uchungu. Zinazobaki ziandikie: mtaa, tarehe, kazi inayofanyika, na jina la mtu ikiwa alikupa na akakubali litajwe. "Muuza kahawa, Mombasa" ni maelezo ya kadi ya posta. Uliza anaitwaje, dele limetoka kwa nani, kahawa anaichanganya na nini.

Kisha chapisha zile za watu uliokaa nao. Maduka ya picha yapo mjini, na ukubwa wa kadi ya kawaida haukugharimu zaidi ya chakula cha mchana. Watu wengi wana picha elfu kwenye simu na hawana hata moja ya kuweka ukutani, kwa hiyo karatasi ile inapokelewa kwa mikono miwili. Ukiwa umeshaondoka mjini, mtumie muuza kahawa bahasha kwa basi ukiwa umemuarifu kwa simu, picha zote za mtaa wake ndani, na nyuma ya kila moja uandike kwa penseli ni ya nani. Yeye anajua kila mmoja hupita saa ngapi.